Pedi ikitoka na rangi ya gari, uliza kwanza kabla ya kukata mshahara wa kijana

KAMA umewahi kushika mashine ya kupiga polishi gari, unaijua ile sekunde moja ambayo moyo unaruka. Umemaliza robo ya boneti, unainua mashine kuangalia pedi, na pedi iliyokuwa nyeupe sasa ni nyekundu. Gari nalo ni jekundu. Unajiuliza kimoyomoyo: nimelichuna?

Na kama hujawahi kushika mashine hiyo, basi huenda wewe ndiye mwenye gari. Umeketi kando na soda yako, unaona rangi ya gari lako kwenye pedi ya mtu mwingine, na unaruka kutoka kitini. Makala haya ni yenu nyote wawili, pamoja na yule bosi anayesimama katikati yenu akishika daftari la mshahara.

Mimi nimekuwa upande wa mashine. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, nikarudi Kanyakine, na kabla sijaanza kuandika mtandaoni nilikula kwa kuosha magari kando ya barabara inayotoka Meru kuelekea Embu. Siku moja ikaletwa pikapu ya zamani ya mzee mmoja aliyekuwa akibeba ndizi kupeleka sokoni. Ilikuwa nyekundu kwa jina tu, maana jua lilikuwa limeifanya karibu rangi ya waridi. Ukipitisha kidole kwenye paa, kinatoka na unga kama umegusa ubao wa shule.

Aliyepewa mashine siku hiyo alikuwa mwenzangu, kijana mdogo kwangu kwa miaka miwili. Dakika tano hazijaisha, pedi ikawa nyekundu kama nyanya.

"Kijana, unanitolea rangi!" mzee akapaza sauti.

"Pole mzee, nimepitisha pole pole tu, si kwa nguvu," mwenzangu akajibu, na sauti yake tayari ilikuwa ya mtu mwenye hatia.

Bosi akaja mbio. Hakuuliza swali hata moja. Mzee akakataa kulipa, na bosi akamgeukia kijana: "Hiyo utalipa wewe." Kwa wiki tatu alikuwa akipokea nusu ya pesa zake. Na kumbuka, pikapu ile ilitoka pale iking'aa kuliko ilivyokuwa miaka mingi. Hapakuwa na alama, hapakuwa na doa. Hakuna aliyeweza kuonyesha kilichoharibika ni nini. Ushahidi wote ulikuwa ni pedi nyekundu.

Baadaye nilimsimulia fundi mmoja wa kupuliza rangi kule Nkubu. Akacheka kwanza, kisha akanyamaza kabisa. Akaniambia, "Hiyo gari haina klia. Rangi lazima ingetoka. Huyo mtoto hakukosa kitu."

Huo ndio msingi wa maneno yangu leo: tumezoea kuadhibu rangi iliyo kwenye pedi bila kuuliza inatwambia nini. Na tukifanya hivyo, asiye na kosa analipa, mwenye kosa anajifunza kuficha, na mwenye gari hapati ukweli hata siku moja.

Rangi ya gari imepangwaje?

Twende taratibu, kwa sababu jambo hili si gumu. Magari mengi tunayoona barabarani siku hizi yamepakwa kwa tabaka. Chini kabisa kuna bati, au plastiki kama ni bampa. Juu yake kuna praima, ambayo hushika bati na kuzuia kutu. Kisha inakuja rangi yenyewe, ile unayoiita nyekundu au bluu. Halafu juu ya yote kuna klia, tabaka lisilo na rangi, kama kioo, ambalo kazi yake ni kung'aa na kukinga rangi dhidi ya jua, mvua na mikwaruzo.

Mtindo huo wa rangi na klia ulienea viwandani kuanzia miaka ya 1970 na 1980. Kabla ya hapo, gari lilipuliziwa rangi moja iliyofanya kazi zote mbili: kuwa rangi na kung'aa. Aina hiyo haijafa. Bado utaikuta kwenye magari ya zamani, malori, trekta, na magari ya kazi yenye rangi ya kawaida isiyo na chembe za kumetameta. Tena utaikuta kwenye gari lolote lililopuliziwa upya na fundi wa mtaani kwa bei nafuu, bila kumaliziwa na klia.

Sasa polishi inafanya nini? Wengi hudhani polishi ni mafuta ya kung'arisha, kama yale ya viatu. Hapana. Ndani ya polishi kuna chembe ndogo sana za kusugua, na kazi yake ni kuondoa ngozi nyembamba ya juu ili uso ulio chini, ambao bado ni laini na mzima, uonekane. Kila unapopiga polishi, unapunguza kitu. Swali ni unapunguza nini.

Ukipunguza klia, kinachotoka hakina rangi. Pedi itachafuka, lakini hutaona rangi ya gari. Ukipiga gari lisilo na klia, unachopunguza ni rangi yenyewe, kwa hiyo pedi lazima iwe nyekundu, buluu au kijani. Hilo si ajali. Ni kama kupiga randa mbao ya mninga halafu ushangae kwamba vumbi lina rangi ya mninga.

Na rangi ikiwa imechoka, itatoka nyingi zaidi. Ukitoka Meru mjini kuja Nkubu unavuka ikweta, kwa hiyo jua letu hapa si la mchezo. Jua hula kile kinachoshikilia chembe za rangi pamoja, na chembe zikibaki bila cha kuzishika zinakuwa ule unga wa ubao wa shule niliotaja. Pikapu ya yule mzee ilikuwa imevaa koti la unga. Mwenzangu alichofanya ni kuivua koti lililokufa.

Lakini kuna siku pedi inakushtaki kwa haki

Usichukue maneno hayo ukaenda kujitetea nayo kila mahali. Kuna siku rangi kwenye pedi ni kosa kweli, na kosa lenyewe ni kubwa.

Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima hadi klia, huwa na unene wa takriban mikroni 100 hadi 150. Mikroni 100 ni karibu unene wa karatasi moja ya kawaida ya kuchapishia. Yaani uzuri wote unaoulilia kwenye gari unaweza kukaa ndani ya karatasi moja au moja na nusu. Klia peke yake mara nyingi ni mikroni 40 au 50, karibu nusu ya karatasi hiyo. Na mashine yako inakula humo humo.

Gari likiwa na klia na pedi ikaanza kutoa rangi, maana yake umetoboa klia na sasa uko kwenye rangi. Hapo hakuna polishi, waksi wala maombi yatakayorudisha klia. Dawa ni moja tu: kupuliza upya sehemu ile, na mara nyingi boneti yote au mlango wote ili rangi ilingane.

Hili nalijua kwa sababu lilinipata. Gari lilikuwa saluni nyeusi, safi, la mteja mpole aliyeniachia funguo akaenda kula. Nilikuwa na haraka, kulikuwa na magari mengine mawili yakisubiri. Nikashikilia mashine kwenye ukingo wa boneti, pale bati linapokunjwa. Ukingoni rangi huwa nyembamba kuliko kwingine, na presha yote ya pedi huangukia mstari mmoja mwembamba. Nilipoinua mashine, pedi ilikuwa na mstari mweusi. Nikaangalia ukingo, nikaona alama iliyofifia, isiyong'aa, upana wa kidole.

Nilijua nilichofanya. Na nilikuwa nimeona kilichompata mwenzangu. Basi nikachukua waksi, nikapaka pale mara tatu, alama ikapotea. Mteja akarudi, akasifu kazi, akatuma pesa kwa M-Pesa na akaniongezea ya chai. Waksi huondoka baada ya kuoshwa mara chache. Bila shaka aliiona alama ile siku moja, akadhani ni jua au ni ndege. Sijawahi kumwona tena.

Hebu weka visa hivi viwili kwenye mizani. Mwenzangu hakuharibu kitu, akalipa wiki tatu. Mimi niliharibu gari la watu, nikapewa ya chai. Tofauti yetu ilikuwa kwamba yeye alionekana na mimi nilijua kunyamaza. Na kunyamaza huko sikukufundishwa chuoni. Nilifundishwa pale pale, na bosi asiyeuliza maswali.

Jinsi ya kusoma pedi

Ndugu yangu unayeshika mashine, najua hakuna aliyekukalisha chini akakueleza. Ulipewa kitambaa Jumatatu na mashine Jumatano. Kwa hiyo chukua haya, hayana karo.

Kwanza, fanya jaribio kabla ya kuwasha mashine. Chukua kitambaa safi cheupe, weka tone la polishi laini, usugue kwa mkono sehemu isiyoonekana, kwa mfano chini ya mlango. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, huenda gari halina klia. Kisikitoka, huenda ina klia. Rudia sehemu mbili tatu, kwa sababu gari moja linaweza kuwa na mlango wa kiwandani na boneti ya fundi wa mtaani. Na kama gari ni jeupe, tumia kitambaa cheusi. Watu wengi hushindwa hapo: rangi nyeupe inatoka kwenye pedi nyeupe, au inachanganyika na polishi nyeupe, na hakuna anayeiona hadi imekwisha.

Pili, hakikisha unachokiona ni rangi, si udongo. Sisi wa Imenti tunajua udongo wetu. Ni mwekundu, unaingia kila mahali, na gari lililoshuka kutoka mashambani msimu wa mvua linaweza kutoa maji mekundu hata baada ya kuoshwa mara mbili. Nimeona kijana akitetemeka kwa sababu ya pedi nyekundu juu ya gari la bluu. Mse, gari la bluu haliwezi kutoa rangi nyekundu, isipokuwa chini yake kuna rangi nyingine. Osha vizuri, kausha, kisha ndipo uwashe mashine.

Tatu, angalia rangi inatoka wapi. Ikitoka sawasawa kila unapopita, kuanzia mwanzo, na uso unazidi kung'aa, hilo ni gari lisilo na klia na kazi inaendelea vizuri. Ikiwa pedi ilikuwa safi kwa nusu saa halafu ghafla ikatoka na rangi mahali pamoja, hasa ukingoni au kwenye mkunjo wa bati, zima mashine. Usimalize hata mzunguko mmoja. Angalia kama kuna duara au mstari usiong'aa wenye mpaka unaoonekana. Hiyo ni klia iliyokwisha.

Nne, jua gari limepitia mikono ya nani. Magari mengi yanayoingia Kenya ni ya mtumba, na kanuni inaruhusu yasiyozidi miaka minane. Maana yake ni kwamba hata gari la "juzi tu limetoka Mombasa" limekwisha kuishi kwingine, na huenda limepigwa polishi mara ambazo hakuna anayezikumbuka. Klia uliyoachiwa si ile iliyotoka nayo kiwandani. Kuna kifaa cha kupima unene wa rangi, kidogo cha kushika mkononi, kinachofanya kazi kwenye bati. Kikundi cha vijana watano wanaweza kuchanga na kukinunua. Mkishindwa, basi fikirieni kila gari kuwa na klia kidogo, na hamtakosea sana.

Tano, kuna ile rangi ya mtaani iitwayo NC. Mafundi wanaijua: inakauka haraka, ni ya bei nafuu, lakini haikomai kama ile ya 2K inayochanganywa na hadina. Ukipitisha kitambaa chenye thina kidogo mahali pasipoonekana, NC inalainika na kutoka. 2K iliyokomaa haitikisiki. Rangi ya NC ukiipelekea mashine yenye joto, itatoka kama siagi. Hiyo ipige kwa mkono, au mwambie mwenye gari ukweli kwamba inahitaji kupuliziwa upya.

Na ukishajua unashughulika na nini, anza na kilicho laini kabisa: pedi laini, polishi laini, mwendo mdogo. Funika kingo kwa tepu ya karatasi. Usisimamishe mashine mahali pamoja, maana ile inayozunguka kwa mhimili mmoja hutia joto haraka, na bampa la plastiki halipoi kama bati. Safisha pedi kila baada ya sehemu moja, kwa gari lisilo na klia hata mara mbili zaidi, kwa sababu pedi iliyojaa rangi inasugua kwa uchafu wake yenyewe. Ukimaliza gari la aina hiyo, lipake waksi. Halina ngozi nyingine ya kulilinda.

Bosi, sheria inasemaje?

Sasa nizungumze na wewe mwenye kituo. Najua biashara ni ngumu, maji ni ghali, stima ni ghali, na mteja akikataa kulipa wewe ndiye unayeumia kwanza. Lakini ule mkasi wako wa kukata mshahara una mipaka.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa uharibifu wa mali iliyo mikononi mwake, lakini pale tu uharibifu huo umetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Soma tena hapo: makusudi. Kijana aliyefuata maagizo yako, kwa mashine yako, bila wewe kumfundisha, hajafanya kosa la makusudi. Na kijana ambaye hakuharibu kitu hana hata kosa la kujadiliwa. Kifungu hicho hicho kinasema makato yote kwa mara moja yasizidi theluthi mbili za mshahara.

Utaniambia, "Hawa si waajiriwa, ni vibarua wa siku." Kifungu cha 37 cha sheria hiyo kinakujibu. Kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, sheria inamhesabu kama mtu wa mkataba wa mshahara wa mwezi. Yule kijana aliyekuwa nawe tangu Krismasi si mpita njia.

Sisemi vijana waanze kukimbilia mahakamani kesho. Mwenzangu hakuwa na nauli ya kwenda Meru kutafuta afisa wa leba, sembuse pesa za wakili. Nasema mwenye kituo ana njia rahisi kuliko kukata. Kabla ya mashine kuwashwa, tembeeni pamoja kuzunguka gari: mteja, kijana na wewe. Piga picha kwa simu. Fanya lile jaribio la kitambaa mbele ya mteja. Mwambie, "Mzee, gari lako halina klia, kwa hiyo utaona rangi kwenye pedi. Usishtuke." Sentensi hiyo moja ingemwokoa mwenzangu wiki tatu za njaa, na ingekuokoa wewe malipo ya siku ile, maana mzee angelipa.

Na kijana akija kwako akasema, "Bosi, nimetoboa klia," usimpige na daftari. Hicho ndicho kitu cha thamani zaidi anachoweza kukuambia. Ukimwadhibu kwa kusema, ujue umenunua ukimya wa kituo kizima. Makosa hayatapungua. Yataanza tu kupakwa waksi.

Na wewe mwenye gari

Wewe uliyeleta gari pia una sehemu yako. Ulipolinunua, uliuliza limewahi kugongwa? Lilipopuliziwa rangi, uliuliza ni NC au 2K, kuna klia au hakuna? Wengi wetu tunauliza mafuta linakula kiasi gani, basi. Kisha tunamkabidhi kijana gari lenye historia tusiyoijua na kumtaka awe nabii.

Una haki zako, sikatai. Sheria ya kulinda watumiaji ya mwaka 2012 inakupa haki ya kupata huduma ya kiwango kinachokubalika. Kijana akitoboa klia ya gari lako, una haki ya kuambiwa na gari litengenezwe. Lakini haki hiyo unamdai mwenye biashara. Si ya kudai kwa kumtoa machozi kibarua mbele ya umati, na si kwa pedi iliyogeuka rangi peke yake. Subiri aoshe, akaushe, kisha mwangalie gari pamoja kwenye mwanga wa jua. Kama limeng'aa sawasawa, mlipe. Kama lina alama, zungumzeni.

Na ukisema ukweli wa gari lako mapema, kijana naye atakuwa na moyo wa kukuambia ukweli wake.

Kazi hii ni ufundi

Kuna dhana mtaani kwamba kuosha na kung'arisha magari ni kazi ya waliokosa kazi. Nimeisikia kutoka kwa jamaa zangu, tena waziwazi: "Uliacha chuo ukaenda kushika kitambaa." Dhana hiyo ndiyo inayofanya bosi aone hakuna haja ya kufundisha, na mteja aone hakuna haja ya kuuliza. Mbona umwelimishe mtu kuhusu kitambaa?

Lakini hebu fikiria. Kazi hii inadai ujue tabaka ambazo huwezi kuziona, upime kwa mkono kitu chembamba kama nusu ya karatasi, utofautishe udongo na rangi, na ujue lini pa kusimama. Kama huo si ufundi, basi sijui ufundi ni nini. Nchini kuna mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia ngazi ya tatu hadi ya kwanza, na mtu aliyejifunza kazi katika jua kali anaweza kuufanya bila kupitia chuo. Kaunti zinajenga na kuendesha vyuo vya ufundi vya vijiji. Sioni kwa nini kozi fupi ya wiki mbili ya kusafisha na kung'arisha magari isiwekwe humo. Vijana wapo, na magari yapo kila kona kuanzia Kanyakine hadi Kayole.

Mwenzangu aliacha kazi ile muda mfupi baada ya makato kuisha. Sasa ni bodaboda. Tulipokutana Nkubu nilimweleza alichoniambia yule fundi, kwamba hakukosa kitu. Alinyamaza, akaangalia chini, halafu akasema, "Mimi nilikuwa najua sikubonyeza. Lakini ningesema na nini?"

Hakuwa na maneno ya kujitetea. Mimi nilikuwa pale, na sikuwa nayo pia. Ndiyo maana nimeyaandika hapa. Kama unashika mashine wikendi hii, yasome mbele ya wenzako. Kama wewe ni bosi, yabandike ukutani karibu na bomba. Na kama wewe ni yule mteja mpole wa saluni nyeusi, aliyeniachia funguo na kuniongezea ya chai: ile alama kwenye ukingo wa boneti si jua. Ni mimi. Nitumie ujumbe tuzungumze.